Udenda wa Mamboleo

Kitu cha kwanza Mwanamkuu alichokichukia kwa ng'ombe yule kilikuwa udenda wake. Haukuwa ule udenda mwembamba wa ng'ombe aliyeshiba, anayecheua huku amefumba macho. Huu ulikuwa mzito kama mlenda, ulining'inia kutoka mdomoni mpaka sakafuni bila kukatika, na ukifika chini uliokota nzi, vumbi na vipande vya majani ya kabichi. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka jua lilipoanza kuegemea, Mamboleo alisimama vilevile: shingo mbele, mdomo wazi, ulimi nje, mbavu zikipanda na kushuka kama mivukuto ya mhunzi. Mwanamkuu alipopita na ndoo, uzi mmoja wa ute ule ulimwangukia mkononi, ukiwa wa moto. Alijifuta ukutani, si kwenye kanga, kwa sababu kanga ingebidi aendelee kuivaa.

"Jamani, wewe," alimwambia ng'ombe. "Hata aibu huna."

Mwanamkuu alikuwa na miaka hamsini na miwili, na yote, ukiondoa tisa, aliishi katika nyumba hiyohiyo ya Mchikichini: nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Hiyo tisa aliolewa Magogoni na mtu wa kupara samaki. Watu walidhani alikimbia harufu. Mwenyewe alisema harufu ya samaki ilitoka kwa ndimu na sabuni, kilichogoma kutoka ni mwanaume mwenyewe, basi akatoka yeye. Alirudi kwa mama yake, akakuta ng'ombe uani, akashika chuchu. Tangu hapo kila alfajiri alikamua, akachemsha, na kabla ya saa moja alikuwa ameshaingia sokoni kwa wauza mitumba, chupa ya chai ya maziwa mkono mmoja na ndoo ya mtindi mkono mwingine, akipita katikati ya watu wanaokata kamba za marobota. Harufu ya nguo za watu wasiojulikana, zilizofungiwa miezi mingi, ilikuwa inamkera pia. Mambo mengi yalimkera. Wateja walimzoea hivyo, na walisema mtindi wake ulikuwa mchachu kwa sababu ameukunjia uso.

Ng'ombe wa mama yake aliitwa Kijivu. Alikuwa mdogo, wa rangi ya majivu, na nundu iliyolalia upande mmoja kama kofia ya mlevi. Ngozi yake ilikuwa legevu, imezidi mwili, ikining'inia chini ya shingo mpaka kifuani, na manyoya yake mafupi yaling'aa kama aliyepakwa mafuta. Siku njema alitoa lita tatu, siku mbaya moja na nusu. Joto la kaskazi lilipokuja, Kijivu alikuwa na taratibu zake. Saa za mchana hakula. Alijibanza kwenye kivuli chembamba cha ukuta, akasogea kadiri kivuli kilivyosogea, kama mtu anayefuata mkeka. Jua likizama alianza kula, akala usiku, na alfajiri tumbo lilikuwa limejaa.

"Mwache," mama yake Mwanamkuu alikuwa akisema, kila binti alipomsukumia majani saa saba mchana. "Huyo anazijua saa zake kuliko wewe."

Mama alipofariki, nyumba ikabaki ya Mwanamkuu na mdogo wake, Abdulswamad. Huyu alikuwa na duka la vifaa vya simu Kariakoo, hatua kumi kwa sita, na moyo wa mtu mwenye jengo zima. Hakulala pale Mchikichini, alikuwa amepanga kwingine na mkewe, lakini kila Ijumaa alikuja kula na kutoa maoni. Ni yeye aliyeona aibu kwamba familia yao, watu wa mjini toka zamani, wanafuga kitu chenye nundu kama wafugaji wa porini. Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa sita, akamleta Mamboleo kwa lori kutoka Njombe.

Hakuna aliyemwona siku ile asisimame. Alikuwa mweusi na mweupe, mpana kama kabati, manyoya marefu ya nchi ya baridi yamemjaa mpaka masikioni. Jina alikuwa nalo Abdulswamad kabla ng'ombe hajashuka. Akaita watu, akaweka dua uani ili kuombea kheri mali mpya. Na wageni wa dua lazima wale. Mzee Mbaruku, mwenye bucha mtaa wa pili, akaja na kisu chake, na Kijivu akachinjwa.

Mwanamkuu ndiye aliyepika pilau ile. Alipakuliwa sahani na wifi yake, wageni wakimtazama, akatia tonge mdomoni. Nyama ilikuwa laini. Aliitafuna muda mrefu. Alijua kila kitu kuhusu mnyama yule, jinsi alivyopiga kwato ya kushoto akitaka maji, alivyopenda kukunwa nyuma ya nundu. Tonge lilisimama kooni, akalisukuma kwa maji, likashuka. Hakula nyama ya ng'ombe tena, na kila alipoulizwa alisema ni presha.

Miezi miwili ya kwanza Mamboleo alitoa lita kumi na nane kwa siku. Ilikuwa kipupwe. Abdulswamad alipiga picha ndoo.

Kisha likaja joto. Mwaka wa kwanza Mwanamkuu alidhani ng'ombe anaumwa, akampa dawa za minyoo. Mwaka wa pili lita zikashuka mpaka nane. Na mwaka huu wa tatu, ghorofa lililokuwa likijengwa upande wa mashariki likamalizika. Lilikuwa la sakafu sita. Lilisimama mahali ambapo zamani upepo wa bahari ulipita kuja uani, na ukuta wake wa nyuma, uliotazama banda, ulibeba viyoyozi kumi na kimoja. Viliunguruma mchana kutwa. Ndani ya ghorofa watu walikaa wamevaa masweta, na joto lililotolewa vyumbani mwao lilimwagwa juu ya bati la Mwanamkuu, pamoja na matone ya maji machafu yaliyochora mistari ya kutu.

Wapangaji wa ghorofa wakaanza kulalamika harufu. Abdulswamad, aliyependa sana kusalimiana na watu wa ghorofani, akazungushia banda ukuta wa bati jipya kutoka chini mpaka juu, akaacha mlango mmoja tu, na mlangoni akatundika turubai.

"Sasa hata wakichungulia hawaoni kitu," alisema.

"Na yeye haoni kitu," Mwanamkuu akajibu.

"Ng'ombe anataka kuona nini, dada? Televisheni?"

Ndani ya bati lile kukawa kama ndani ya tanuri la mkate. Majani ya kabichi na maganda ya ndizi, ambayo msukuma mkokoteni mmoja, Bakili, aliyaleta kutoka sokoni Kariakoo, yalivunda kabla ya adhuhuri, yakatoa maji ya kahawia na uvundo wa chumvichumvi uliompanda Mwanamkuu puani mpaka kwenye macho. Mamboleo hakuyagusa. Alisimama, akahema, akadondosha udenda. Lita zikawa nne.

"Bi Mwanamkuu," Bakili alisema siku moja, akishusha magunia. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye mabega ya kusukuma na mdomo usiopumzika. "Ng'ombe wako huyu anafanya mazoezi ya mbio, au vipi? Anakimbia kasimama."

"Shusha majani uende zako."

"Naenda. Lakini mwambie mbio zenyewe zimeshaisha, wenzake wameshapewa kombe."

Mwanamkuu hakucheka. Alikuwa ameanza kuwaza jambo lingine. Ng'ombe mkubwa vile, mzuri vile, picha zake zimetembea kwenye simu za Kariakoo nzima. Nani asingemtia jicho? Mama yake alikuwa akiwafukiza watoto wote wa nyumba ile kila walipolegea ghafla, na wao walipona. Hasidi hana sababu, na jicho halichagui mtu au mnyama.

Basi siku ya Jumatano, saa saba mchana, alijaza makaa kwenye chetezo cha mama yake, akatia ubani na mavumba, akaingia bandani. Akashusha turubai ili moshi usitoke, kama fukizo inavyotakiwa. Akamzunguka ng'ombe mara saba, akisoma alichokijua. Kufikia mzunguko wa nne macho yalikuwa yanamtiririka. Kufikia wa sita alisikia sauti ambayo hajawahi kuisikia kwa ng'ombe, kama mtu mzee anayekoroma. Mamboleo alipiga magoti ya mbele, kisha nyuma ikafuata, akaanguka ubavu kwenye maji ya kabichi. Ulimi wake, uliolala sakafuni, ulikuwa umegeuka rangi ya zambarau.

Mwanamkuu alilipasua turubai kwa mikono. Alipiga ukelele mmoja tu, wa jina la Bakili, ambaye kwa bahati alikuwa bado kwenye baraza akinywa maji. Bakili akatazama, akaacha mzaha, akakimbia na miguu yake mifupi kwenda kumwita afisa mifugo wa kata.

Afisa mifugo aliitwa Severa, mzaliwa wa Mpwapwa, mwanamke mrefu wa miaka thelathini hivi. Hakuuliza kitu. Alichukua ndoo, akammwagia ng'ombe maji shingoni, kwapani na tumboni, ndoo baada ya ndoo, akamwambia Bakili ang'oe bati moja la upande wa barabara. Upepo haba ukaingia. Baada ya nusu saa Mamboleo alikaa kifua, kisha akasimama, miguu ikimtetemeka, kinyesi kimemganda ubavuni. Hapo ndipo Severa alipogeuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Huu moshi wa nini?"

Mwanamkuu alitazama chetezo. Makaa yalikuwa bado mekundu. "Nilidhani katiwa jicho."

Severa aliinamia ubavu wa ng'ombe. Alitoa simu, akatazama saa, akahesabu jinsi mbavu zilivyopanda na kushuka. "Mia moja na kumi na mbili kwa dakika," alisema. "Ng'ombe aliyetulia huhema thelathini hivi. Huyu hana jicho, mama. Ana joto."

"Joto tunalo wote."

"Lakini sisi tunatoka jasho tukalowa. Yeye jasho lake ni dogo, na hili koti la Njombe halijui kwamba limehama." Alivuta manyoya ya mgongoni, yakatoka kiganjani. "Umeona? Anajaribu kulivua mwenyewe. Nani kaziba huku?"

"Mdogo wangu."

"Alikuwa anamficha nani?"

"Watu wa ghorofani."

"Basi kamficha na upepo."

Mwanamkuu akauliza lile lililomkaa moyoni muda mrefu, akanyoosha kidole bila kutazama. "Na huu uchafu mdomoni?"

"Huo ndio uliomweka hai mpaka leo," Severa alisema. "Moto wa mwilini anautoa kwa pumzi na kwa mate. Mpe chumvi ya kulamba, maana anaipoteza yote hapo chini."

"Na kula? Nilidhani anadeka. Namwekea mchana majani mabichi, anayatazama tu."

"Mama, lile lundo la taka la sokoni, ukitia mkono katikati, likoje?"

"Linaunguza."

"Na tumbo lake liko hivyohivyo. Chakula kikiumuka mle ndani kinatoa moto. Sasa jua liko juu, vile vidude vinampulizia kichwani, na wewe unamwambia awashe jiko jingine tumboni. Hali kwa sababu ana akili. Mpe usiku na alfajiri, mchana mpe maji tu, na mlowanishe mahali penye upepo. Ukimlowanisha penye kuziba unampika kwa mvuke." Alifuta mikono. "Kwetu wapo waliochanganywa damu zamani, hawa wa nundu na wa kisasa. Maziwa si mengi kama ya huyu akiwa kwao, lakini joto hawalijali. Hamkuwahi kuwa na wa nundu hapa?"

Mwanamkuu akamweleza Kijivu. Alieleza kuliko alivyokusudia: ngozi legevu, manyoya mafupi, kivuli cha ukutani, kula usiku. Severa alisikiliza huku akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesimuliwa habari za ndugu yake.

"Damu ya huyo ndiyo mnayoihitaji hapa. Yuko wapi?"

"Tulimla," alisema Mwanamkuu.

Siku ile ile, Severa alipoondoka, Mwanamkuu alichukua nyundo akang'oa bati zote za upande wa barabara na za upande wa ghorofa. Uvundo uliokuwa umefungiwa ukatoka kama maji ya mtaro uliozibuliwa. Mwanamke mmoja alitoa kichwa dirishani, sakafu ya tatu, pua ameishika.

"Mama, huku tunakula!"

"Na yeye huku anapumua," Mwanamkuu alijibu, akaendelea kugonga.

Abdulswamad alikuja jioni, habari zimemtangulia. Alisimama kwenye mlango wa ua, viatu vyake vyeupe amevikusanya pamoja asikanyage. Alitazama bati zilizolala chini, akamtazama ng'ombe, mifupa ya nyonga imetokeza, udenda umefika sakafuni, na uso wake ukajikunja. Mwanamkuu aliujua mkunjo ule. Ulikuwa wa mama yao, na wa kwake mwenyewe.

"Hiki ndicho nilichokileta?" alisema. "Watu wananiuliza dukani. Nawaambia nini?"

"Waambie kuna joto."

"Dada, mimi sikununua ng'ombe wa kuonewa huruma. Jumatano ijayo tunaanza kufunga. Mwezi ishirini na tisa, kama hajarudi kuwa ng'ombe, namleta Mzee Mbaruku, tunakula Idi. Bora nyama kuliko aibu hii. Na banda nalivunja."

"Utamla na huyu?"

"Ng'ombe si wa kuliwa?"

Mwanamkuu aliinama kuokota bati. Lile tonge la miaka mitatu lilipanda tena, likakaa mahali pake.

Hivyo ndivyo Ramadhani ile ilivyomkuta, ana siku ishirini na tisa. Na Ramadhani yenyewe ikamsaidia, kwa namna ambayo hakuipanga. Nyumba ya mfungo hugeuza saa zake. Mwanamkuu alikuwa anaamka kula daku, na akiwa macho tayari, alimpelekea na Mamboleo beseni lake. Usiku wa kwanza alisimama gizani na bakuli la uji, akasikia taya zikisaga. Ng'ombe alikuwa anakula. Hakutazama juu. Alikula majani, akala pumba, akalamba chumvi, akanywa ndoo mbili. Baada ya tarawehe alikula tena. Mchana wote wawili hawakutia kitu tumboni, kila mmoja kwa sababu yake, wakasubiri jua lizame.

Bakili alibadili saa za mkokoteni wake akaleta majani magharibi. Ni yeye pia aliyegundua jambo la viyoyozi. Alikata chupa za plastiki, akafunga mpira mrefu chini ya yale matone, akayaelekeza kwenye pipa. Kwa siku pipa lilijaa.

"Maji ya bure," alisema. "Wametupa joto lao, basi watupe na jasho lao."

Maji yale yalikuwa na harufu ya vumbi na chuma, na Mwanamkuu aliyachota kwa ncha za vidole. Lakini kila adhuhuri alimfunga Mamboleo pale palipong'olewa bati, upepo ukipita, akammwagia shingoni, kwapani, tumboni. Koti la Njombe liliendelea kudondoka, mafungu kwa mafungu, likaziba mtaro, akalitoa kwa mkono huku amegeuza uso. Chini yake yalikuwa yanaota manyoya mafupi, membamba. Siku ya kumi na mbili Mamboleo alianza kusogea mwenyewe saa nne asubuhi kwenda penye upepo, kabla hajapelekwa. Siku ya ishirini Mwanamkuu alihesabu, kama alivyofundishwa: sabini na nne. Maziwa yalikuwa yamepanda hadi lita saba.

Severa alipita akatazama. "Atavuka," alisema. "Ikifika kipupwe atashika mimba, nami nitamletea mbegu ya dume la nundu. Ndama wake atakuwa mtu wa hapahapa."

"Lita saba hazimtoshi mdogo wangu."

"Mdogo wako anataka ngapi?"

"Kumi na nane. Na anataka zipigwe picha."

Mwezi ishirini na tisa uliangukia siku isiyo na wingu hata moja. Mwanamkuu alikuwa uani, adhuhuri imeshaadhiniwa, ndoo ya kwanza mkononi, Mamboleo amesimama penye upepo akingoja. Bakili akaingia haraka kwa mlango wa nyuma.

"Mdogo wako yuko kona ya bucha. Anakuja na Mzee Mbaruku. Mzee kabeba kifuko chake cha visu."

Mwanamkuu alimtazama ng'ombe. Shingo ilikuwa imenyooka, mdomo umefungwa, ngozi bado na unyevu wa asubuhi. Alikuwa mwembamba, lakini alikuwa mnyama wa kuchinjika. Mchinjaji yeyote angempapasa mgongoni akasema bismillahi.

Alikumbuka kitu ambacho Mzee Mbaruku alikuwa akikisema kila mara buchani, akiwa anagombana na wafanyabiashara wa mnadani: kwamba mnyama aliyeteswa na jua hamchinji hata kwa zawadi.

Aliweka ndoo chini. Akafungua kamba, akamvuta Mamboleo kutoka penye upepo, hatua nane, mpaka chini ya viyoyozi, akamfunga fupi kwenye nguzo. Pumzi ya moto ikamshukia ng'ombe kichwani. Akageuza shingo kutazama alikotolewa, kisha akamtazama Mwanamkuu.

"Bi Mwanamkuu, unafanya nini?" Bakili aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nenda kaweke mkeka barazani."

Akawapokea wageni barazani. Hajawahi kusalimia watu kwa urefu kama siku ile. Aliuliza mgongo wa Mzee Mbaruku, akauliza wajukuu zake mmoja mmoja, akauliza kama mwezi utaandama usiku au watakamilisha thelathini, akasimulia futari ya jirani iliyoungua. Abdulswamad alitazama saa mara tatu. Mwanamkuu aliongea, na masikio yake yalikuwa uani. Kutoka kule, kupitia ukumbi, alisikia pumzi zikianza kwenda mbio. Alisikia kwato ya mbele ikikwangua saruji. Aliuliza habari za mke wa Mzee Mbaruku.

"Dada, tuingie," Abdulswamad alisema mwishowe.

Mamboleo alikuwa kama zamani. Mdomo wazi, ulimi nje, mbavu hazihesabiki, macho yametoka. Mzee Mbaruku alimsogelea, akamwekea kiganja nyuma ya bega, akakiondoa upesi. Akainama kumtazama mdomoni. Udenda, mzito, wenye povu, ulikatika ukamwangukia kwenye mguu, katikati ya kanda za ndala.

"Astaghfirullah," alisema mzee. Alipangusa mguu kwenye saruji, upande huu, upande ule, na bado haukutoka. Uso ulikuwa umemharibika kwa kinyaa. "Abdulswamad, umeniita nichinje hiki?"

"Ng'ombe ni ng'ombe, mzee."

"Huyu anaungua. Nyama yake itatoka nyeusi, kavu, inanata kama gundi, na kesho kutwa imeshanuka. Mwaka juzi niliingia mkenge wa namna hii, wateja walinirudishia nyama dukani watu wakitazama. Mmoja aliniuliza kama ni punda."

"Atapumzika usiku. Umchinje alfajiri."

"Na wewe utakuja kusimama buchani uwaeleze watu kwamba alipumzika?" Mzee Mbaruku alikwishafunga kifuko chake. "Mnunulie watoto kuku. Bibi Mwanamkuu, nipatie maji ninawe."

Mwanamkuu alimmiminia. Mzee alinawa mguu ule mara tatu kama anayetia udhu, akaaga, akatoka bila kutazama nyuma.

Abdulswamad alibaki. Alikuwa amesimama chini ya viyoyozi naye, na jasho lilianza kumshuka kwenye mashavu. Alitazama juu, kule joto lilikotoka. Kisha akatazama upande wa pili, penye upepo, ambapo sakafu ilikuwa bado na alama mbichi ya maji na kinyesi kipya, na ndoo iliyojaa imekaa peke yake.

"Huwa unamfunga hapa?" aliuliza.

"Leo."

Alimgeukia dada yake. Mkunjo ule wa mama yao ulikuwa usoni mwake, lakini safari hii haukumwelekea ng'ombe.

"Sawa," alisema. "Nitanunua kuku."

Mlango wa mbele ulipofungwa, Mwanamkuu alikimbia. Fundo la kamba liligoma, akalifungua kwa meno. Alimrudisha Mamboleo penye upepo, akammwagia ndoo ya kwanza, ya pili, ya tano. Ute ulimjaa mikononi mpaka kwenye viwiko, na alichokuwa anakinusa hakikuwa tena cha ng'ombe. Alikuwa amemtesa mnyama kwa kutumia kila alichofundishwa ili kumponya. Hesabu ilishuka polepole: mia na kumi, tisini na sita, themanini.

Jioni alifungua kwa tende moja.

Baada ya isha, watoto wa mtaani wakipiga kelele kwamba mwezi umeonekana, alichukua beseni la majani na pumba, akaenda bandani kama usiku mwingine wowote. Mamboleo alikuwa amelala, anacheua, mdomo umefungwa. Alipomwona Mwanamkuu, aliinuka. Mwezi mzima alikuwa akiinuka hivyo na kuja mpaka kwenye beseni, akiingiza pua kabla halijawekwa chini.

Usiku ule alirudi nyuma, hatua moja, mbili, mpaka kamba ikamzuia.

Mwanamkuu aliweka beseni chini, akasimama. Ng'ombe hakusogea. Walitazamana huku viyoyozi vikiunguruma. Basi Mwanamkuu akageuka, akaingia ndani, akasimama nyuma ya mlango wa ua akisikiliza. Ulipita muda. Kisha taya zikaanza kusaga.